Namna ya Kusoma Picha ya Kifua ya Mgonjwa wa UVIKO-19 Aliyelazwa: Mwongozo kwa Watoa Huduma wa Kanda ya Ziwa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya tabibu, muuguzi na daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo, awe Nansio, Sengerema, Magu, Misungwi au Mwanza mjini, ambaye ameletewa picha ya kifua ya mgonjwa mwenye virusi vya korona huku daktari bingwa wa radiolojia akiwa mbali, au akiwa na foleni ndefu ya picha nyingine. Haukusudii kumfanya mtu bingwa. Unakusudia kumwezesha kuitazama picha kwa utaratibu, kuyatambua mapema mambo ya hatari, na kutokisingizia kirusi kipya magonjwa ambayo wakazi wa pwani ya ziwa letu walikuwa nayo tangu kale.

Kabla ya kuiinua filamu kwenye mwanga au kuifungua picha kwenye kompyuta, uwe na majibu ya maswali mawili: leo ni siku ya ngapi tangu dalili zianze, na kiwango cha oksijeni katika damu ya mgonjwa ni asilimia ngapi, akiwa anapumua hewa ya kawaida au akiwa amewekewa lita ngapi za oksijeni. Mambo haya mawili ndiyo yanayoipa picha maana. Madoa machache pembezoni mwa mapafu yakionekana siku ya 3 ni onyo, kwa sababu ugonjwa bado unapanda. Yakionekana siku ya 16 kwa mtu ambaye hewa yake imerudi vizuri, ni mabaki ya vita iliyokwisha. Mgonjwa asiyejua siku aulizwe kwa matukio anayoyakumbuka: siku ya gulio, siku ya ibada, safari yake ya mwisho ya kuvua. Familia nyingi hukumbuka kwa njia hiyo kwa usahihi kuliko kwa tarehe.

Picha si kipimo cha kirusi

Kirusi huthibitishwa kwa sampuli ya puani au kooni, ama kwa kipimo cha vinasaba cha PCR, ama kwa kipimo cha haraka cha antijeni. Picha huonyesha tu kile ambacho mapafu yamefanyiwa. Katika uchunguzi wa wagonjwa 121 wa China uliochapishwa mwanzoni mwa 2020, zaidi ya nusu ya waliopigwa CT (picha ya kompyuta inayoonyesha mapafu kwa vipande) ndani ya siku mbili za kwanza za dalili walikuwa na mapafu yasiyo na kasoro, ingawa wote walikuwa na maambukizi. Eksirei hukosa zaidi: katika kundi la wagonjwa 64 wa Hong Kong mwaka huo huo, picha ya kwanza ilionyesha kasoro kwa asilimia 69 tu. Kwa hiyo picha safi ya siku ya pili haimtoi mtu kwenye chumba cha kutengwa, na kinyume chake, picha yenye sura ya korona bila kipimo cha maabara haitoshi kufunga mjadala.

Tangu kilipoenea kirusi aina ya Omikroni, na watu wengi wakiwa wamechanjwa au wamekwisha kuugua, mapafu safi yamekuwa ya kawaida zaidi hata kwa waliolazwa, na sura za mfano zilizoelezwa mwaka 2020 hazionekani mara kwa mara kama zamani. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini wazee, wenye kisukari, wenye shinikizo la damu na wenye kinga dhaifu bado huweza kulazwa kwa ugonjwa huu, na hao ndio ambao picha zao zina mchanganyiko mgumu kuliko wote.

Nani apigwe picha, na wapi

Mgonjwa mwenye dalili nyepesi na oksijeni nzuri hahitaji picha, isipokuwa kama ana ugonjwa mwingine unaoweza kumgeuzia hali ghafla. Mwenye dalili za kati au kali, au yule ambaye hali yake inazidi kuwa mbaya, ndiye anayestahili. Huo ndio mwelekeo wa ushauri wa kimataifa uliotolewa mwaka 2020, na kwa mazingira yetu unafaa sana.

Eksirei hupatikana katika hospitali zetu za wilaya. CT ilikuwa adimu, mpaka sehemu ya mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021, zile shilingi trilioni 1.3 za mapambano dhidi ya UVIKO-19, ilipotumika kununulia mashine hizo kwa ajili ya hospitali za rufaa. Hata hivyo mashine kuwepo mkoani hakumaanishi kwamba kila mgonjwa apelekwe. Mgonjwa aliyeko Ukerewe anayehitaji lita 10 za oksijeni kwa dakika atamaliza mtungi wa lita 680 kwa muda wa saa moja na dakika chache, ilhali safari ya meli kutoka Nansio hadi Mwanza ni ya takribani saa tatu. Piga hesabu hiyo kwenye karatasi kabla ya kuandika rufaa. Kisha jiulize swali la pili: je, jibu la CT litabadilisha tiba ninayompa? Kama unashuku damu iliyoganda katika mishipa ya mapafu, au mgonjwa hapati nafuu na hujui kwa nini, jibu ni ndiyo. Kama unataka tu kuona kwa uzuri zaidi kile ambacho eksirei, kipimo cha oksijeni cha kidoleni na masikio yako vimekwisha kukuambia, mwache alale kifudifudi, apate oksijeni yake, na abaki alipo.

Katika fomu ya maombi andika siku ya ugonjwa, kiwango cha oksijeni, kazi ya mgonjwa, hali yake ya VVU kama inajulikana, na kama amewahi kutibiwa kifua kikuu. Fomu iliyoandikwa "kikohozi" peke yake humnyima msomaji wa picha nusu ya jibu.

Kwanza ipime picha yenyewe

Makosa mengi ya usomaji huanza kwenye picha mbaya. Hakikisha jina, tarehe, na alama ya upande wa kulia au kushoto. Katika eksirei, hesabu mbavu za nyuma: zikionekana tisa au kumi juu ya kiwambo (msuli unaotenganisha kifua na tumbo), mgonjwa alivuta pumzi ya kutosha, zikionekana saba, sehemu za chini za mapafu zitakuwa nyeupe kwa kubanwa tu, na ni rahisi kudhani ni nimonia. Picha iliyopigwa mgonjwa akiwa kitandani, mionzi ikitokea mbele, huukuza moyo. Usiandike kwamba moyo ni mkubwa kwa kutegemea picha ya namna hiyo. Matiti nayo huweka kivuli hafifu chini ya pande zote mbili, na kivuli hicho kimewahi kuitwa korona kwa akina mama wengi wasio na tatizo lolote la mapafu.

Kwa CT, omba vipande vyembamba vya takribani milimita moja, mgonjwa akiwa ameshikilia pumzi ndani kadiri awezavyo, na bila dawa ya kung'arisha mishipa, isipokuwa kama unatafuta damu iliyoganda. Kompyuta iwekwe kwenye dirisha la mapafu (mpangilio wa weusi na weupe unaofaa kuona pafu), yaani upana wa 1500 na kitovu cha −600. Ukilitazama pafu kwenye dirisha la nyama, madoa hafifu yatapotea yote. Kumbuka pia kwamba CT ya kifua hutoa mionzi ya milisivati 5 hadi 7, ambayo ni mara 50 au zaidi ya eksirei moja, kwa hiyo kuirudia kila baada ya siku tatu ili kuridhisha macho hakukubaliki. Mgonjwa akilala chali, hewa hupungua katika sehemu ya nyuma kabisa ya mapafu na kuacha utepe wa weupe hafifu; ukitilia shaka, mlaze kifudifudi na upige vipande vichache vya eneo hilo tu. Weupe wa kulala utaondoka, wa ugonjwa utabaki.

Kile unachokitafuta

Hewa ni nyeusi katika picha. Maji, usaha na nyama ni vyeupe. Dalili kuu ya mapafu ya UVIKO-19 katika CT ni weupe hafifu ambao ndani yake mishipa ya damu bado inaonekana, kama vile ukungu wa alfajiri ziwani ambao mtu aliyesimama ufukweni bado anaona mitumbwi ndani yake. Tuuite ukungu. Weupe ukiwa mzito kiasi cha kuifunika mishipa, na njia za hewa zikabaki kama matawi meusi ndani yake, hilo ni pafu lililojaa, na ni hatua nyingine.

Lakini ukungu peke yake hauna jina, kwa sababu magonjwa mengi huuleta. Kinachoelekeza kwenye korona ni mahali ulipo na namna ulivyotawanyika. Utafute katika mapafu yote mawili. Pembezoni, karibu na utando unaofunika pafu. Zaidi nyuma na chini kuliko mbele na juu. Na katika madoa mengi yaliyoachana, mara nyingi ya mviringo. Mishipa inayopita ndani ya madoa hayo huonekana imenenepa. Ugonjwa ukisonga mbele, ndani ya ukungu hutokea mtandao wa mistari myembamba, na baadaye mistari minene inayokwenda sambamba na utando wa pafu. Wakati mwingine utaona duara ambalo katikati lina ukungu na ukingo wake ni mweupe mzito. Hiyo ni dalili kwamba pafu linajaribu kujiponya kwa njia inayoacha makovu ya muda.

Eksirei haionyeshi ukungu kwa uwazi huo. Utaona giza la pafu limepauka katika sehemu za pembeni na za chini, pande zote mbili, na mipaka ya mishipa imefifia. Linganisha kulia na kushoto kwa vipande: juu, katikati, chini. Weka jicho pia nyuma ya moyo na chini ya mstari wa kiwambo, maana nimonia hupenda kujificha huko.

Yapo mambo ambayo korona yenyewe huyaleta kwa nadra, na kuyaona kunapaswa kukusimamisha: maji mengi kwenye kifua, tundu ndani ya pafu, tezi kubwa za katikati ya kifua, vinundu vidogo vilivyotawanyika, na weupe mzito wa sehemu moja tu ya pafu wenye mpaka mnyoofu.

Siku na sura

Siku ya 1 hadi ya 4, pafu huwa safi au lina madoa machache ya ukungu. Siku ya 5 hadi ya 8 madoa huongezeka na kuungana. Kilele huwa kati ya siku ya 9 na ya 13, na mara nyingi ndicho kipindi ambacho mgonjwa aliyeonekana kuwa na nafuu hurudishwa hospitalini akiwa anahema. Baada ya wiki mbili weupe huanza kuyeyuka, ingawa hubaki wiki nyingi nyuma ya nafuu ya mgonjwa. Mgonjwa anayekula, anayetembea hadi msalani bila kuhema, na ambaye oksijeni yake imetulia, asizuiwe kurudi nyumbani kwa sababu tu picha bado ina madoa.

Kinyume chake kipo na ni cha hatari zaidi. Baadhi ya wagonjwa wa ugonjwa huu huzungumza vizuri, hushika simu, hata kutania wauguzi, ilhali oksijeni yao imeshuka hadi asilimia 80 na kitu. Amini kipimo cha kidoleni, si uso wa mgonjwa, na ukikuta weupe umeenea huku kipimo kikisoma vizuri mno, kirudie kwenye kidole kingine chenye joto.

Kupima ukubwa wa maeneo yaliyoathirika

Ili watu wawili waelewane kwa simu kati ya kituo na hospitali ya rufaa, tumieni alama. Katika CT mapafu yana sehemu tano, tatu za kulia na mbili za kushoto. Kila moja hupewa alama 0 ikiwa safi, 1 kama chini ya asilimia 5 imeathirika, 2 hadi asilimia 25, 3 hadi karibu nusu, 4 hadi asilimia 75, na 5 zaidi ya hapo. Jumla ni 25. Kwa eksirei kuna mfumo uliobuniwa Brescia, Italia, unaogawa mapafu katika kanda sita na kuipa kila kanda alama 0 hadi 3, jumla 18. Mimi naupendelea huu wa pili kwa hospitali za wilaya, kwa kuwa hauhitaji mashine kubwa na ukifanywa na mtu yule yule kila mara huonyesha mwelekeo vizuri.

Alama hizi hazichagui dawa. Jaribio kubwa la Uingereza la mwaka 2020 lilionyesha kwamba deksamethasoni (dawa inayotuliza kinga), miligramu 6 kwa siku kwa muda usiozidi siku 10, ilipunguza vifo kwa waliohitaji oksijeni, na haikuwasaidia wasiohitaji. Weupe kwenye picha ya mtu anayepumua vizuri hewa ya kawaida si sababu ya kumwanzishia dawa hiyo.

Magonjwa ya pwani yetu yanayofanana nayo

Hapa ndipo ninapoomba msomaji awe mwangalifu kuliko popote, kwa kuwa dawa zinazotuliza kinga zikitolewa kwa mtu mwenye ugonjwa mwingine zinaweza kumdhuru.

Kifua kikuu kwa kawaida hukaa juu ya mapafu, huleta matundu, vinundu vidogo vilivyopangika kwenye vijitawi vya njia za hewa, na makovu yanayovuta pafu. Historia yake ni ya wiki na miezi: jasho la usiku, kukonda, kikohozi kisichoisha. Hata hivyo kwa mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana, TB huweza kukaa chini ya pafu bila tundu lolote, na hapo sura peke yake haitakuokoa. Tuma makohozi yapimwe kwa vinasaba. Tena magonjwa hayo mawili yanaweza kumkuta mtu mmoja. Ukiona tundu kwa mgonjwa ambaye kipimo cha korona ni chanya, usiridhike na jibu moja.

Nimonia ya nyemelezi inayosababishwa na kuvu wa Pneumocystis ndiyo inayodanganya zaidi, kwani nayo huleta ukungu katika mapafu yote na kushusha oksijeni. Tofauti ni kwamba ukungu wake huelekea katikati na juu, mara nyingi huacha ukingo wa pembeni ukiwa safi, na vifuko vidogo vya hewa vinaweza kuonekana. Kikohozi chake ni kikavu na huja polepole. Katika jamii za wavuvi, ambamo kiwango cha VVU kimekuwa juu kuliko katika jamii nyingine, kila mgonjwa mwenye ukungu mapafuni apewe ushauri na apimwe VVU siku hiyo hiyo.

Moyo ulioshindwa huleta weupe katikati, pande zote mbili, pamoja na maji kwenye kifua na mistari mifupi ya mlalo pembeni chini. Mpe dawa ya kutoa maji na utazame tena baada ya siku moja au mbili. Nimonia haiondoki kwa kasi hiyo.

Kwa wanaotoka machimbo ya dhahabu ya Geita na kwingineko, uliza vumbi la mwamba. Silikosi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hilo, huleta vinundu vingi vidogo sehemu za juu na tezi zenye ukingo wa chokaa, na vinundu hivyo vilikuwepo kabla ya homa ya juzi. Mama aliyebanika samaki kwa moshi wa kuni kwa miaka mingi anaweza kuwa na mapafu yaliyochoka tangu awali, kwa hiyo tafuta picha yake ya zamani kabla ya kuhukumu.

Kichocho nacho kisisahaulike. Mgeni ambaye hakukulia ziwani, akaoga au kuogelea, kisha wiki kadhaa baadaye akapata homa, kikohozi na vinundu vilivyozungukwa na ukungu mapafuni, anahitaji hesabu ya chembe nyeupe za damu aina ya eosinofili. Zikiwa nyingi, fikiria kichocho cha awali.

Hali ikibadilika ghafla

Mgonjwa aliyekuwa ametulia akishuka oksijeni ndani ya dakika au saa chache, picha mpya inahitajika, na uitazame ukiwa na mambo matatu akilini. La kwanza ni hewa iliyovuja nje ya pafu: tafuta mstari mwembamba wa ukingo wa pafu ambao nje yake hakuna mishipa, na hewa nyeusi kando ya moyo au chini ya ngozi ya shingo. Kama mgonjwa anazidiwa na shinikizo linashuka, tiba haisubiri picha. La pili ni damu iliyoganda mapafuni, ambayo eksirei haiioni. Ushuku ikiwa oksijeni imeporomoka kuliko picha inavyoonyesha, au mguu mmoja umevimba. Hapa CT yenye dawa ya mishipa ina thamani kubwa, baada ya kuangalia figo. La tatu ni bakteria walioingia juu ya kirusi: weupe mzito mpya upande mmoja, homa iliyorudi, makohozi yaliyobadilika rangi.

Kuandika na kueleza

Andika kwa ufupi lakini kwa ukamilifu. Mfano: "Siku ya 9. Oksijeni asilimia 88 kwenye hewa ya kawaida. Eksirei ya kitandani, pumzi ndogo. Weupe hafifu pembeni na chini, pande zote mbili. Alama 8 kati ya 18, juzi ilikuwa 5. Hakuna hewa iliyovuja, hakuna maji. Sura inaendana na UVIKO-19. Makohozi yametumwa kupimwa TB."

Ndugu wa mgonjwa nao wana haki ya kuelezwa. Wakae, wasalimiwe, kisha waambiwe bila kuwatisha: "Shikamoo mama. Mapafu ya mzee yameathirika pande zote mbili, zaidi huku chini. Siku hizi mbili tatu ndizo ngumu, kwa hiyo tunamlaza kifudifudi na tunaipima hewa yake mara kwa mara. Picha tutairudia tukiona mabadiliko." Usitaje asilimia za pafu "lililokufa", maneno ya aina hiyo si sahihi, kwani sehemu kubwa ya weupe huo huondoka.

Mgonjwa anaporuhusiwa, mpe filamu zake zote, au nakala ya picha kwenye diski, na tarehe ya kurudi. Kwa waliokuwa na nimonia kali, chama cha madaktari wa kifua cha Uingereza kilipendekeza mwaka 2020 eksirei ya wiki ya 12, na ratiba hiyo inafaa hapa kwetu pia, ikipangwa pamoja na siku za meli kwa wanaoishi visiwani. Wiki hiyo ya 12, weka picha mpya kando ya ya zamani, mtembeze mgonjwa kwa dakika chache huku kipimo kikiwa kidoleni, na kama mistari imebaki na oksijeni inashuka kwa asilimia 4 au zaidi akitembea, mwandikie rufaa kwenda kliniki ya kifua ya hospitali ya kanda akiwa na picha zote mbili mkononi.